Koti la Jemadari: Mafundo Chini ya Kola

Sehemu ya tisa

Mkono uliomshika Sindano begani haukuwa wa mlinzi. Najua wengi mlishaapa ni mlinzi, na yupo msomaji aliyeniandikia barua ndefu kunieleza kwamba msichana yule alistahili pingu. Pole zake. Ulikuwa mkono wa mhadhiri wake.

King'ora kililia ukumbi mzima. Wageni arobaini waliganda, simu zimenyanyuliwa juu. Na Sindano, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa utunzaji wa nguo za kale, aliyevuka bahari kwenda kusoma nchi ya watu, alikuwa amesimama upande usioruhusiwa wa kamba nyekundu, vidole viwili vingali chini ya kola ya koti maarufu kuliko yote katika mji ule.

"Toa mkono," mhadhiri akasema kwa sauti ya chini.

"Bado sijamaliza kuhesabu, Mwalimu."

"Nimesema toa mkono."

Akautoa. Lakini alitoka na alichokitaka: mafundo matatu makubwa kwenye uzi mmoja, kisha nafasi, kisha fundo la nne. Hapo ndipo king'ora kilipomkatiza.

Siku yenyewe ilianza salama. Ilikuwa safari ya siku moja ya kutazama mambo ya kale: basi la chuo tangu asubuhi, mkate na yai kwenye mfuko wa karatasi, lango la zamani, kisha daraja la mawe ambako Jemadari, shujaa wa mji ule, alipigwa risasi akiulinda, kisha sanamu yake, na mwisho nyumba yake, ambayo siku hizi ni makumbusho. Mbele yao alitangulia mwongozaji, mzee aliyenyooka kama rula, ambaye wanafunzi walimpachika jina la Mwavuli. Huyo hakuonyesha kitu kwa kidole hata siku moja. Kila kitu alikionyesha kwa ncha ya mwavuli wake mweusi.

Mwavuli aliwaambia kwamba koti lile, lenye tundu la risasi kifuani upande wa kushoto, lilishonwa na fundi bingwa wa nchi ile ile. Sindano akasema hapana, limeshonwa na babu yake. Si babu wa karibu. Baba wa bibi yake, aliyekuja nchi ile kwa meli akiwa kijana, akashona katika nyumba hii miaka kumi na mmoja, akarudi kwao na cherehani na jina jipya: Babu Cherehani. Watu wakacheka. Mwavuli akamuuliza kwa upole wa kuudhi kama babu huyo ndiye aliyejenga na daraja.

Ndipo Sindano akavuka kamba. Mimi sikumtuma, lakini sikumlaumu pia.

Walimpeleka ofisini kwa mkuu wa makumbusho. Kilikuwa chumba kidogo chenye birika la umeme, funguo kwenye misumari, boksi la vitu vilivyosahauliwa na wageni, na kabati refu la mbao pembeni. Mkuu alikuwa mama wa makamo aliyening'iniza miwani yake shingoni kwa mnyororo. Alimkaribisha Mwavuli kiti. Mwavuli akashukuru na kubaki amesimama, mgongo umeegemea kabati. Akakaribishwa tena, akasema miguu yake imezoea.

Mkuu hakupiga kelele. Alikaa kwenye kompyuta, akachapa dakika mbili, mashine ikatema karatasi.

"Basi lenu linaondoka saa kumi," akasema. "Weka sahihi hapa, upande basi na wenzako, na sisi tutayasahau haya. Usipoweka, barua yangu inafika kwa kamati ya chuo Jumatatu."

Sindano alimtazama mhadhiri. Mhadhiri akatazama dirisha. Wote wawili walijua barua ile ikifika, ufadhili unakatwa, na ufadhili ukikatwa kibali cha kuishi kinafuata, na binti anarudishwa kwao na begi lake bila cheti. Saa ya ukutani ilisema saa nane na nusu. Mhadhiri alimpenda mwanafunzi wake huyu, na hilo ndilo lililomuuma.

"Weka tu sahihi, Sindano," akasema. "Ni karatasi."

Sindano akaisoma karatasi. Akaisoma mara ya pili, maana amezaliwa katika ukoo wa watu wasiokata kitambaa kabla ya kukipima mara mbili. Ilikuwa na sentensi mbili. Ya kwanza ilisema kwamba amegusa mali ya makumbusho bila ruhusa. Ya pili ilisema kwamba aliyoyasema kuhusu mshonaji wa koti hayana ukweli wowote, na kwamba aliyasema kwa uchovu wa safari.

Akachukua kalamu. Mkuu akavuta pumzi ya nafuu, akajiandaa kuweka maji ya chai.

Sindano akaikata sentensi ya pili kwa mstari mmoja, akairudisha karatasi mezani.

"Kuvuka kamba nimevuka," akasema. "Hapo mkitaka nitaweka sahihi na dole gumba juu yake. Lakini hilo la pili mnanitaka nimkane babu yangu kwa kalamu ya kuazima. Na mimi sijachoka."

Mwavuli akacheka puani. Akasema miaka thelathini na mmoja anaonyesha koti hilo, ameandika kijitabu kinachouzwa pale getini, na hajawahi kusikia habari za mshonaji aliyetoka ng'ambo ya bahari. Sindano akamuuliza kama kijitabu chake kinamtaja huyo fundi bingwa kwa jina. Mwavuli akakohoa. Kijitabu hakikumtaja kwa jina.

"Basi huyo wako hana jina," Sindano akasema, "na wangu analo."

Hapo akaeleza, na mimi nitaeleza kwa kifupi maana najua mna kazi za kufanya. Babu Cherehani hakujua kusoma wala kuandika. Washonaji wenzake waliandika vipimo vya wateja kwenye daftari. Yeye aliviandika kwenye uzi. Fundo kubwa ni shubiri moja, yaani upana wa kiganja kilichonyooshwa, kutoka dole gumba mpaka kidole cha mwisho. Fundo dogo ni upana wa kidole kimoja. Akimaliza kipimo kimoja anaacha nafasi, anaanza kingine. Uzi wenyewe aliushonea chini ya kola, ili mteja akirudi mwaka wa pili kutaka koti lingine, asisumbuliwe kupimwa upya. Bibi yake Sindano alijifunza hivyo kwa baba yake, na Sindano alijifunza kwa Bibi kabla hajajua kuandika jina lake.

Mhadhiri akageuka kutoka dirishani.

"Mafundo yaliyo chini ya kola ni ya kukazia kola," akasema.

"Ndivyo ulivyotufundisha, Mwalimu."

"Nimeandika hivyo. Sura nzima."

"Najua. Nimeisoma. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka kwanza niyaguse."

Mhadhiri alishika meza. Ukubwa wa elimu wakati mwingine ni kujua mahali pa kushika unapotikiswa, na nampa heshima yake: hakumfokea. Alifungua mkoba wake, akatoa glavu nyeupe za kazi, akamwomba Mkuu koti liletwe mezani.

Mwavuli akapinga. Mkuu akasema lije, waone, wayamalize, na msichana aweke sahihi. Koti likaletwa limelazwa kwenye karatasi nyeupe, la sufu ya bluu iliyofifia, vifungo vya shaba sita, tundu dogo jeusi kifuani. Mhadhiri akanyanyua kola polepole, akapitisha ncha ya kidole.

"Makubwa matatu," akasema. "Nafasi. Kisha mengine mengi."

"Kipimo cha kwanza huwa ni mkono," Sindano akasema. "Mkono wa koti hili ni shubiri tatu kamili. Pimeni."

Mwavuli alikuwa amengoja maneno hayo kama paka anavyongoja mlango wa jikoni. Bila kuliacha kabati lake, alinyoosha kiganja chake mbele ya macho yao, akamwambia Mkuu akipime kwa tepu. Sentimita ishirini na tatu. Mara tatu ni sitini na tisa. Halafu mkono wa koti ukapimwa, kutoka begani mpaka mwisho.

Hamsini na nane na nusu.

Mhadhiri akapima tena. Hamsini na nane na nusu.

"Shubiri ni shubiri," Mwavuli akasema, na sasa alitabasamu mpaka meno ya nyuma. "Mafundo yako yanasema hivi, koti linasema vile. Binti, ni mapambo tu. Au ya kukazia kola, kama mwalimu wako alivyosema."

Msomaji, hapo Sindano aliinama akaitazama tepu kwa macho yake. Alijua mafundo, alijua uzi, aliujua mshono wa vifungo vile kama anavyoujua mwandiko wake. Hesabu ndiyo iliyomgeuka. Mkuu akaisukuma karatasi mbele yake tena, karatasi mpya, haina mstari uliokatwa. Saa ilisema saa tisa na dakika kumi.

Hakuishika. Alitoa simu.

"Nampigia Bibi," akasema.

Mwavuli akataka kujua bibi atasaidia nini kutoka huko aliko. Sindano hakumjibu. Simu iliita mara sita, kwa sababu Bibi huwa haiachi nguo katikati ya mshono kwa ajili ya mtu yeyote. Kisha sauti ikajaa chumba kile, na nyuma yake cherehani.

"Haloo. Ni mke mwenzangu huyo? Umekumbuka leo kwamba nipo?"

"Shikamoo, Bibi. Niko kwenye matatizo."

"Marahaba. Matatizo ya mume au ya masomo? Kama ni ya mume, niachie, nimemzoea."

Sindano akamweleza. Cherehani ikanyamaza. Alipofika kwenye shubiri tatu na sentimita sitini na tisa, Bibi akaguna.

"Mmepima kwa mkono wa nani?"

"Wa mwongozaji."

"Mwanamume mrefu?"

"Mrefu, Bibi."

"Sasa mkono wake na koti la baba yangu wapi na wapi? Mjukuu wangu, mimi nilikufundisha kufunga fundo, sikukufundisha kusahau. Baba alikuwa na kidole cha mwisho kifupi. Mkasi ulimpitia pingili ya juu akiwa bado anajifunza kazi. Shubiri yake haikufika shubiri ya mtu mzima. Ndiyo maana nikikushonea natumia kijiti alichokikata kwa shubiri yake, situmii mkono."

Kijiti. Sindano akafumba macho. Kilikuwa juu ya cherehani ya Bibi tangu yeye hajazaliwa, kijiti cheusi kilicholainika kwa kushikwa, na miaka yote aliamini ni kijiti tu cha kupimia. Hakuwahi kuuliza kwa nini ni kifupi. Watu wa nyumba ile hawakuulizana, kwa sababu kwao hiyo ndiyo ilikuwa shubiri, na shubiri za watu wengine ndizo zilizokuwa ndefu.

"Kipime, Bibi. Kwa tepu. Sasa hivi, tafadhali."

Walimsikia anafungua droo, anailaani droo, anafunga droo. Mwavuli akauliza bibi anasema nini. Sindano akamjibu kwamba anamsalimia.

"Kumi na tisa na nusu," Bibi akasema. "Na huyo anayeuliza-uliza hapo ndiye aliyesema baba yangu hajashona?"

"Ndiye."

"Mwambie ana sauti ya mtu ambaye suruali yake inambana."

Sindano alitafsiri namba. Hilo la pili aliliacha.

Mhadhiri ndiye aliyepiga hesabu, kwa penseli, pembeni ya karatasi ile ya kwanza, yenye sentensi iliyokatwa. Kumi na tisa na nusu mara tatu. Akaandika jibu. Akalitazama. Akalizungushia duara.

Hamsini na nane na nusu.

Birika lilichemka likajizima lenyewe. Mwavuli akadai kwamba bibi ameambiwa jibu, kwamba wale wawili wamepanga kwa lugha yao. Sindano akamwambia kwamba yeye hakumtajia Bibi hamsini na nane hata mara moja, arudie kusikiliza akitaka, maana Mkuu alikuwa amerekodi mazungumzo yote kwa ajili ya kamati. Mkuu akatazama simu yake mezani, taa yake nyekundu ikiwaka, akaonekana kujuta.

"Soma yaliyobaki, Mwalimu," Sindano akasema.

Mhadhiri akarudisha kidole chini ya kola. Sasa alisoma kama mtu anayejifunza herufi, taratibu, midomo ikichezacheza. Kifua: shubiri nne na vidole sita. Kiuno: shubiri tatu na vidole viwili. Sindano alimpelekea Bibi kila namba. Kisha nafasi nyingine, na mhadhiri akasema bado kuna kipimo kimoja, shubiri tano kamili.

"Hicho ni urefu," Mwavuli akasema haraka.

"Urefu huwa wa mwisho kabisa, na baba aliufunga kwa mafundo mawili yaliyobanana," Bibi akasema alipoambiwa. "Hicho kinachofuata kiuno ni nyonga." Kisha akaanza kucheka, kicheko cha chini kilichopanda polepole mpaka akakohoa. "Nyonga, mjukuu wangu. Nani aliwahi kumpima mwanamume nyonga kwa ajili ya koti? Kifua hicho, kiuno hicho, na nyonga juu yake? Waambie hao watu koti lao lina mwanamke ndani."

Sindano akatafsiri. Hilo alilitafsiri lote, neno kwa neno, wala hakupunguza sauti.

Haya, shikeni viti. Asubuhi ile, mbele ya sanamu, Mwavuli alikuwa amewaambia wanafunzi kwamba Jemadari alikuwa na futi sita na inchi nne, na mikono mirefu kuliko ya mtu yeyote mjini. Alikuwa amewaonyesha kitanda chake kilichoongezwa ubao miguuni. Aliyasema hayo kila siku, mara nne kwa siku, miaka thelathini na mmoja. Na kila siku alisimama kando ya koti lenye mkono wa sentimita hamsini na nane na nusu, na mtu akiuliza, alijibu kwamba sufu husinyaa kwa uzee.

"Sufu haisinyai begani na kuvimba nyongani," mhadhiri akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumza peke yake. "Nimelipitisha darasa langu mbele ya koti hili kila mwaka. Kila mwaka."

Jemadari hakuwa ndani ya koti lile. Aliyesimama darajani, aliyepigwa risasi kifuani akiutazama uso wa adui, alikuwa mwanamke mfupi ambaye hana sanamu.

Mkuu wa makumbusho alivaa miwani yake kwa mara ya kwanza tangu waingie. Alimwomba Sindano akae. Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa laini, na mimi sauti ikilainika ghafla namna ile huwa naangalia mlango uko wapi.

Akasema makumbusho yanaweza kukosea, na yanayokosea hurekebishwa. Akasema kibao cha shaba kitawekwa chini ya koti kabla ya mwezi kwisha, kimeandikwa jina kamili la babu yake, mshonaji. Barua kwa kamati haitaandikwa. Badala yake itaandikwa nyingine, ya sifa, na nafasi ya kujifunza kazi pale pale kwenye makumbusho mwaka ujao. Hakutaka kitu kikubwa. Alitaka tu kwamba uzi usomwe mpaka kwenye kipimo cha mkono, usiendelee mbele. Mji huu una sanamu moja, akasema. Una shule yenye jina la Jemadari, na daraja lenye jina lake.

"Babu yako atakuwa na jina lake," akasema. "Si ndilo ulilolijia?"

Ndilo alilolijia, msomaji, tusidanganyane. Jina la mzee wake kwenye shaba, katika nyumba iliyosahau kwamba aliwahi kupita. Angempigia Bibi picha ya kibao hicho, aitundike juu ya cherehani. Na cheti, na mwaka mwingine, na miwili. Sindano alilishika lile wazo, akalipenda.

Akamweleza Bibi, maana jina lile ni la baba yake kabla ya kuwa la mtu mwingine. Alimweleza yote, na kibao, na barua, na sharti.

"Wewe unasemaje?" Bibi akauliza.

"Nakuuliza wewe."

"Mimi nitakwambia kitu kimoja, halafu nina gauni la watu hapa la kumaliza. Baba akishona nguo ikamkataa mwenyewe, hakubishana na mteja. Hakusema itajinyoosha yenyewe. Aliifumua. Hata kama ni usiku wa kuamkia harusi, hata kama ameshalipwa. Alikaa chini akaifumua uzi kwa uzi." Cherehani ikalia mara moja, ikanyamaza. "Hilo koti wamemvisha asiye wake. Fumua, mjukuu wangu."

Nje, basi likapiga honi. Saa kumi kasoro dakika tano.

Sindano akavuta karatasi. Si ile safi. Ile yenye hesabu ya penseli na duara. Akaigeuza nyuma, akaandika kwa mwandiko mkubwa, akisema kila neno kwa sauti wakati analiandika.

"Nilivuka kamba, na kwa hilo naomba radhi. Koti lilishonwa na babu yangu. Lilishonwa kwa ajili ya mwanamke. Vipimo ni hivi."

Akaviandika vyote, mkono, kifua, kiuno, nyonga. Nyonga akaipigia mistari miwili. Akaweka sahihi, kisha akalitia dole gumba lake kwenye wino wa mhuri wa Mkuu mwenyewe, akaligandamiza chini ya sahihi.

"Ipelekeni kwa kamati," akasema. "Jumatatu msichelewe."

Honi ikalia tena, ndefu. Mhadhiri aliitazama karatasi ile. Alikuwa mtu wa taratibu. Hajawahi kupoteza mwanafunzi safarini wala kuchelewesha basi. Akavua glavu, akachukua kalamu, akaandika chini ya dole gumba: Vipimo hivi nimevisoma mimi. Akaweka jina lake na cheo chake. Kisha akafungua dirisha na kumwambia dereva aondoke na waliopo.

Ni Mwavuli aliyeharibu mambo yake mwenyewe. Aliiona karatasi ile ina sahihi mbili, akaona miaka thelathini na mmoja inaondoka na upepo wa dirishani, akarusha mkono kuinyakua. Ili kuifikia meza, ilimbidi apige hatua mbili mbele. Na kwa mara ya kwanza tangu saa nane na nusu, mgongo wake uliliacha kabati.

Mlango wa kabati ukafunguka wenyewe, polepole. Kitasa chake kilikuwa kimekufa siku nyingi, na mzee ndiye aliyekuwa kitasa.

Ndani, nyuma ya makoti mawili ya mvua, uling'inia mkono mrefu wa koti la sufu ya bluu. Mrefu ajabu, uliokaribia kugusa sakafu ya kabati. Kwenye kifundo chake kulikuwa na kifungo cha shaba, kimeshonwa kwa mshono ambao Sindano angeutambua gizani.

"Usiguse," Mwavuli akasema, na sasa sauti yake haikuwa na dharau hata kidogo. Alikuwa anaomba. "Binti, nakusihi. Niliapa kwamba halitatoka humo."

Mkuu aliangalia kabati, akaangalia mwongozaji wake, na ilikuwa wazi kwamba hata yeye hakujua.

Sindano alikuwa ameshavuka kamba moja siku hiyo. Alilitoa koti, akalilaza mezani kando ya lile fupi, akalinyoosha. Lilikuwa koti la mtu wa futi sita na inchi nne. Akapapasa kifua upande wa kushoto, akapapasa upande wa kulia. Kifua kilikuwa kizima, vifungo vyote sita, hakuna hata uzi uliokatika.

Kisha akaligeuza.

Tundu la risasi lilikuwa mgongoni.

"Mbona kimya?" Bibi akauliza kwenye simu. "Mjukuu wangu, mmekuta nini huko?"